Je, Wajua? Mistari ya Pundamilia Haikuchorwa kwa Macho Yako

Tumezoea kuambiwa kwamba pundamilia ana mistari ili apotee kwenye nyasi ndefu, simba asimwone. Lakini nenda Serengeti au Katavi mchana kweupe uyaangalie makundi yao mbugani. Wamesimama wazi, wanapiga kelele, wanaonekana toka mbali, wala hawana dalili ya kiumbe anayejificha.

Mwaka 2016 mwanasayansi Amanda Melin na wenzake, akiwamo Tim Caro ambaye amefanya kazi Katavi kwa miaka mingi, walichukua picha za wanyama zilizopigwa Tanzania wakazichuja kwa kompyuta ili zionekane kama zinavyoonekana kwa macho ya simba na fisi. Jibu lilikuwa wazi. Mchana, pundamilia akiwa zaidi ya meta 50, binadamu bado anaiona mistari yake lakini simba anaiona kwa shida. Jua likizama, umbali huo hushuka hadi meta 30. Na simba aliyefika karibu kiasi hicho amekwisha kumsikia pundamilia au kupata harufu yake. Basi mistari ni ya nani?

Ni ya nzi. Mwaka 2019 Caro na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Uingereza, kwenye shamba lenye farasi na pundamilia. Farasi walivishwa mavazi ya aina tatu: meusi, meupe na yenye mistari. Chafuo, wale nzi wakubwa wanaouma, waliwakaribia wote sawasawa. Lakini walipofika kwenye mistari walishindwa kutua. Walipita kasi bila kupunguza mwendo, au waligonga na kudunda. Vichwani, ambako vazi halikufika, nzi walitua kama kawaida kwa farasi wote. Kwa mnyama mwenye manyoya mafupi anayeishi kwenye nchi ya mbung'o na chafuo, nzi anayeshindwa kutua ni ugonjwa ulioepukwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuisifu rangi ya mnyama yeyote, swali la kuuliza ni hili: nani anamtazama? Mengi yanayofuata hapa chini yanageuka kabisa ukilijibu swali hilo kwanza.

Mchoraji na rais

Je, wajua kwamba ugomvi mkubwa kuhusu rangi za wanyama wa Afrika Mashariki ulikuwa kati ya mchoraji wa Marekani na aliyekuwa rais wa nchi hiyo?

Mchoraji aliitwa Abbott Thayer. Mwaka 1896 alieleza jambo ambalo wengi walikuwa wameliona bila kulielewa: kwa nini swala, samaki na wanyama wengi mno wana mgongo mweusi kuliko tumbo. Mwanga hutoka juu. Huung'arisha mgongo na kulitia tumbo kivuli, na kivuli hicho ndicho kinachotufanya tuone kwamba kitu kina unene. Mnyama mwenye mgongo wa rangi nzito na tumbo jeupe huufuta unene huo, akaonekana bapa, na jicho likampita. Ugunduzi huo unasimama hadi leo. Lakini mwaka 1909 Thayer na mwanawe walitoa kitabu kilichodai kwamba karibu kila rangi ya mnyama ni maficho. Hata heroe, flamingo hao wa Nakuru na Natron, alisema ni wa waridi ili wafanane na mbingu za alfajiri na magharibi.

Mwaka huohuo Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu madarakani, alishuka Mombasa kwa safari ya uwindaji iliyomfikisha Khartoum mwaka 1910. Aliporudi alimshambulia Thayer kwa maandishi marefu: twiga na pundamilia, alisema, huonekana toka mbali sana, na kinachowaponza au kuwaokoa ni kutembea au kutulia kuliko rangi. Kuhusu pundamilia, utafiti wa siku hizi uko upande wake. Kuhusu flamingo, leo tunajua kwamba uwaridi wao unatokana na chakula, yaani mwani na viumbe vidogo vya ziwani vyenye rangi hiyo. Ila Roosevelt naye alitazama kwa macho ya mwindaji mwenye bunduki, na wanyama hawa hawakuumbwa kwa ajili ya macho hayo.

Anayetaka ushahidi kwamba Thayer alikuwa sahihi kwenye lile la kwanza amtafute jamaa mmoja wa ngogo anayeishi katika bonde la mto Kongo. Samaki huyu huogelea kichalichali, tumbo juu. Na tumbo lake ndilo jeusi kuliko mgongo.

Kinyonga anasema, hajifichi

Hakuna mnyama aliyesingiziwa kama kinyonga. Kuna hadithi, inayosimuliwa kwa namna nyingi mashariki na kusini mwa Afrika, ya kinyonga aliyepewa ujumbe wa uzima akachelewa njiani mpaka kifo kikatangulia. Watu humwogopa na kumuua bure ilhali hana sumu yoyote. Na wale wasiomwogopa humsingizia lingine, kwamba ukimweka juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu.

Si kweli. Kinyonga hubadili rangi zaidi kwa sababu ya hasira, mapenzi, joto au baridi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha namna inavyofanyika kwa kinyonga wa Madagaska. Ndani ya ngozi yake mna tabaka la seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini. Akitulia, fuwele hizo hukaribiana na kuakisi mwanga wa bluu, ambao ukichanganyika na njano iliyo juu yake tunaona kijani. Dume akimwona dume mwenzake, fuwele huachana, na mwanga unaoakisiwa husogea kuelekea njano na nyekundu. Kwa hiyo rangi ile ni matusi kwa mpinzani au ni wito kwa jike, na wanaoisoma ni vinyonga wenzake.

Hata hivyo yapo majira ambapo hujificha, na hapo hufanya jambo la ajabu zaidi. Mwaka 2008 watafiti waliwapima vinyonga wadogo wa Afrika Kusini kwa kuwaonyesha vinyago vya maadui wawili: ndege na nyoka wa mitini. Mbele ya ndege, kinyonga alijilinganisha na tawi kwa uangalifu mkubwa. Mbele ya nyoka, ambaye huzibagua rangi kwa shida, hakujisumbua kiasi hicho, na bado machoni pa nyoka alikuwa amejificha barabara. Kiumbe yule mdogo hupima jicho la adui aliyesimama mbele yake.

Bingwa halisi wa maficho katika ukoo huu habadili rangi sana. Ni vinyonga vibete wa misitu ya Usambara na Uluguru, wafupi wa mkia, wa kahawia, wenye mistari mfano wa mishipa ya jani lililokauka. Wengi wao hawafiki sentimeta 10. Wakiguswa hutetemeka, au hujilaza kando kama wamekufa. Msitu ule ukikatwa, jani lile kavu halina pa kudondoka, na baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Pweza asiyeona rangi

Mwanamke wa Pemba au Mafia anayeshuka pwani wakati wa bamvua kuchokoa pweza hana haja ya kumtafuta pweza mwenyewe. Anatafuta nyumba yake: tundu mwambani, na mlangoni magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa baada ya kuliwa. Ni akili inayostahili heshima, maana kumtafuta pweza kwa rangi ni kupoteza maji kupwa yote.

Ngozi ya pweza imejaa vifuko vidogo vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli inayoamriwa moja kwa moja na ubongo. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi huonekana. Ikilegea, rangi hupotea. Kwa kuwa amri hupita kwenye neva, mabadiliko huchukua muda chini ya sekunde moja. Chini ya vifuko hivyo mna seli nyingine za kuakisi mwanga. Zaidi ya rangi, pweza huinua vinundu kwenye ngozi ili awe na mikwaruzo kama ya tumbawe au mwani, kisha huvishusha akawa laini. Watafiti waliomfuata pweza wa miamba, wa aina ileile inayovuliwa sana pwani yetu, walimhesabia mmoja wao katika Bahari ya Pasifiki karibu mabadiliko 1,000 ya sura kwa saa 7 za kutafuta chakula. Akilazimika kuvuka mchanga mweupe usio na pa kujificha, hujikunja akawa jiwe, kisha jiwe hilo hutembea polepole, kwa mwendo uleule wa vivuli vya mawimbi vinavyocheza chini ya bahari.

Na linalonishangaza kuliko yote ni kwamba pweza haoni rangi. Jicho lake lina aina moja tu ya kemikali ya kupokea mwanga, wakati letu lina tatu za kubagua rangi. Wataalamu hawajakubaliana anavyofanikiwa kulingana na mwamba wa rangi asiyoiona. Wapo wanaosema hutegemea mng'ao na umbile, maana miamba mingi ya bahari haina rangi nyingi hivyo. Na wapo waliopata dalili kwamba ngozi yenyewe huhisi mwanga. Ndugu yake dome, akiwekwa juu ya ubao wa miraba myeusi na myeupe kama wa drafti, hutokeza mraba mweupe mgongoni.

Kujificha puani

Kifutu huumiza watu wengi Afrika kwa sababu hakimbii. Hulala palepale, akitegemea rangi yake ya majani makavu, mpaka mguu unamkanyaga. Lakini wawindaji wake wengi hutumia pua. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya kuwafundisha mbwa na nguchiro wadogo wa jangwani kutafuta nyoka kwa harufu. Nyoka wengine walipatikana. Kifutu aliye hai hakupatikana, ingawa gamba alilojivua walilinusa vizuri tu. Mbwa walimpita karibu kabisa bila kujua.

Nyika ikiungua

Baada ya moto wa nyika, ardhi hubaki nyeusi na panzi wa rangi ya nyasi kavu huwa mlo wa wazi kwa kila ndege. Je, wajua kwamba baadhi ya panzi wa Afrika hugeuka weusi ndani ya siku chache? Taarifa kuhusu panzi wa Tanganyika wanaofanya hivyo hata wakiwa wameshakua ilichapishwa mwaka 1951. Macho ya panzi hulinganisha mwanga utokao juu na ule unaoakisiwa na ardhi. Ardhi ikiwa nyeusi, mwili hufuata. Senene wa Bukoba na Uganda huja kwa njia nyingine: wapo wa kijani na wapo wa kahawia katika kundi moja, kila mmoja na majani yake, mabichi au makavu.

Huko Kibwezi, Kenya, mwanajiolojia John Walter Gregory alikutana mwaka 1893 na ua lisilokuwa ua. Lilikuwa kundi la wadudu wafyonzao utomvu, wengine wekundu na wengine wa kijani, wamekaa juu ya kijiti wakafanana na shada lenye machipukizi kileleni. Walichorwa kwenye kitabu chake cha mwaka 1896. Waliokuja baadaye wameona rangi hizo zikichanganyika ovyo, hivyo ule mpangilio wa machipukizi juu na petali chini una shaka. Wadudu wenyewe wapo kweli.

Jike mwenye sura nyingi

Hapa tunaacha kujificha na kuingia kwenye kuiga, ambako mnyama hutaka kuonekana ila adhaniwe ni mwingine.

Katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Usambara ya Mashariki yupo kipepeo aitwaye kitaalamu *Papilio dardanus*. Dume ni wa njano hafifu na nyeusi, na mabawa yake ya nyuma yana vikia. Majike ya misitu hiyo hayana vikia, wala hayafanani na dume, wala hayafanani yenyewe kwa yenyewe. Mmoja ni mweusi mwenye madoa meupe, mwingine ana rangi ya chungwa, mwingine ana kahawia na njano. Wataalamu wa kwanza waliwaandika kama vipepeo wa aina mbalimbali, mpaka mwaka 1869 Roland Trimen wa Cape Town alipotangaza kwamba wote ni wake wa dume mmoja. Si wote walimsadiki. Uthibitisho ulikuja pale mayai ya jike mmoja yalipolelewa yakatoa vipepeo wa sura tofauti.

Karibu kila sura ya jike ni nakala ya kipepeo fulani mwenye sumu. Yule wa rangi ya chungwa, kwa mfano, humwiga kipepeo wa kawaida kabisa wa mashambani kwetu, *Danaus chrysippus*, ambaye viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe na kuihifadhi sumu yake mwilini. Ndege anayemla huhisi uchungu, mara nyingine hutapika, na hamgusi tena kipepeo wa sura hiyo. Namna hii ya kuiga ilielezwa na Henry Walter Bates mwaka 1862, baada ya kukaa miaka 11 kwenye msitu wa Amazon.

Bates aliona pia tatizo lake. Waigaji wakiwa wengi kuliko wenye sumu, ndege atawaonja watamu mara kwa mara na onyo litapoteza maana. Hapo ndipo ninapoiona hekima ya sura nyingi: majike yakigawana mifano mitatu au minne, hakuna mfano unaozidiwa na waigaji. Na dume? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jike, mzito kwa mayai, ndiye anayewindwa zaidi, na kwamba dume aliyebadili sura angekataliwa na wenzi. Madagaska majike yamebaki na sura ya dume, vikia na vyote. Tofauti zote hizi huongozwa na sehemu moja ndogo ya urithi wake. Ndiyo maana mtoto huzaliwa na sura moja kamili badala ya mchanganyiko usiomwiga yeyote.

Tangu mwaka 1993 wakulima wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede na kuuza pupa zao nje ya nchi. Ni mojawapo ya sababu nzuri zaidi nizijuazo za kuuacha msitu usimame.

Wanaokopa jina la muuaji

Mashariki mwa Kongo yupo chura mkubwa ambaye akikaa kwenye majani makavu anafanana na kichwa cha nyoka wa Gabon, jamaa mkubwa wa kifutu mwenye meno ya sumu yanayofika sentimeta 5, marefu kuliko ya nyoka yeyote. Mwaka 2019 Eli Greenbaum na Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro, pamoja na wenzao, walilinganisha umbo, rangi na mahali wanapoishi viumbe hao wawili, wakahitimisha kwamba chura anaiga. Hata hutoa mlio wa kufoka, kama wa nyoka anayeonya.

Nyoka mla mayai, asiye na meno ya kumdhuru mtu, hujikunja na kusugua magamba yake yakalia kama ya nyoka wa sumu. Ndege na wanyama humkwepa. Sisi humuua kwa sababu hiyohiyo, na ni hasara, kwani hana madhara kwetu.

Watoto wa duma nao huota mgongoni manyoya marefu ya kijivu, tumbo likiwa jeusi. Wapo wataalamu wanaodhani sura hiyo humkumbusha adui nyegere, mnyama ambaye hata simba humfikiria mara mbili.

Na kando ya Ziwa Viktoria, huko Mbita, wapo buibui wanaoiga sisimizi. Buibui ana miguu minane na sisimizi sita, hivyo huinua miguu ya mbele na kuipepesa kama vipapasio. Lakini sisimizi hatembei peke yake, na adui anajua. Buibui hawa basi huishi na kutembea kwa makundi, jambo ambalo buibui wengi hawalifanyi, ili waonekane kama jeshi zima. Ximena Nelson na Robert Jackson walipowajaribu mwaka 2009, buibui wawindaji waliliogopa kundi kuliko walivyomwogopa mmoja. Kisha waigaji hao huutumia woga huo kuingia kwenye viota vya buibui wengine na kula mayai yao.

Uongo wa sauti

Mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda unayemwona juu ya nyaya na matawi makavu, hudanganya masikio. Katika Kalahari, Tom Flower aliwafuatilia ndege hawa kwa miaka na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Mramba hukaa mtini juu ya nguchiro wadogo na ndege wanaochimbua wadudu, na mwewe akitokea kweli hupiga kelele ya hatari, wote wakakimbia wakapona. Ndiyo maana wanamwamini. Kisha mmoja anapochimbua mdudu mnono, mramba hupiga kelele hiyohiyo pasipo mwewe. Mwenye chakula hukiacha na kukimbia, mramba hushuka akakichukua. Wizi huu humpatia karibu asilimia 23 ya chakula chake cha siku.

Waliodanganywa hujifunza, sauti moja ikirudiwa mno huanza kuipuuza. Mramba naye anajua, kwa hiyo hubadili: ameshindwa kwa sauti yake mwenyewe, anajaribu sauti ya onyo ya nguchiro, na hiyo ikikataa, ya ndege mwingine. Mara nyingi anayekimbia kwa mara ya pili amekimbia kwa sababu amesikia onyo kwa lugha ya jamii yake.